Nywele za kipilipili: nitajuaje aina yangu, na kwa nini hazivuki mabega?

Tausi_Tabata

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa nywele, si wa wenye bidhaa za kuuza.

Nywele zangu ni za kipilipili, hazina dawa ya kunyoosha. Nasuka rasta, nakaa nazo wiki 6 hadi 8, nafumua, napumzika siku mbili tatu, nasuka tena. Nikizivuta zinagusa bega, na hapo ndipo zilipogota kwa miaka miwili sasa. Nikifumua natoa bonge la nywele linalojaza kiganja. Nyumbani tunatumia maji ya kisima, yana chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu.

Maswali yangu: hii 4C inayotajwa kila mahali inanisaidia nini katika kuchagua cha kupaka? Nitajuaje nywele zangu zinataka nini? Na je, ni kweli kuna watu ambao nywele zao zimeumbwa zisirefuke?

---

Kitana_Kipana

Dada Tausi, tuanze na hiyo 4C. Mfumo wa namba na herufi uliletwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey. Namba 1 ni singa, 2 ni za mawimbi, 3 ni za kujiviringa, 4 ni kipilipili. Herufi zinaonyesha mkunjo umebana kiasi gani. Hata hiyo 4C yenyewe haikuwemo kwenye orodha yake ya kwanza, watu wa mitandaoni ndio walioiongeza baadaye. Mfumo unaeleza umbo, basi. Hausemi unywele wako ni mwembamba au mnene, unanyonya maji au unayakataa, wala kama umechoka. Na hayo matatu ndiyo yanayoamua upake nini.

Kuhusu nywele "zilizoumbwa zisirefuke": kwa mtu mzima mwenye afya, unywele wa kichwani hukua miaka kati ya 2 na 6 kabla ya kupumzika na kudondoka. Nywele za kipilipili hukua pole pole kidogo kuliko singa, chukulia sentimita 9 hadi 12 kwa mwaka. Kwa hiyo kichwa chako kwa miaka miwili kimetoa si chini ya sentimita 18. Kama urefu haujabadilika, basi sentimita 18 hizo zimekatikia nchani. Shida yako haiko kwenye kukua, iko kwenye kukatika. Ukishalikubali hilo utaacha kununua mafuta ya "kukuza" na utaanza kulinda ncha.

Kwa nini kipilipili hukatika kirahisi? Mzizi wake umepinda chini ya ngozi, kwa hiyo unywele hutoka ukiwa bapa kidogo na unajisokota njia nzima. Kila unapopinda, magamba ya nje hunyanyuka, na hapo ndipo penye udhaifu. Halafu mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka kwenye mikunjo yote hiyo. Mtu mwenye singa hupata mafuta hadi nchani bila kufanya lolote. Wewe ngozi inaweza kuwa na mafuta ya kutosha huku ncha zimekauka kabisa.

Sasa jipime. Fanya siku umeosha kwa shampuu na hujapaka chochote.

Unene wa unywele mmoja: chukua mmoja, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi kabisa, ni mwembamba. Ukiuhisi waziwazi, kama kitu chenye ukakasi, ni mnene. Mwembamba huelemewa na mafuta mazito na hukatika upesi ukivutwa. Mnene huvumilia siagi ya shea na krimu nzito.

Unyonyaji wa maji: nyunyizia maji fungu moja kavu. Yakikaa juu kama matone kwa dakika nzima, magamba yamelala na yamefunga. Yakipotea mara moja, yamefunguka. Angalia pia muda wa kukauka bila draya: nywele zilizofunga huweza kukaa na unyevu nusu siku, zilizofunguka hukauka ndani ya saa moja au mbili. Achana na lile jaribio la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji. Unywele wowote ni mzito kuliko maji. Unaoelea unashikiliwa na utando wa juu wa maji au una mafuta, na hilo halikuambii kitu kuhusu magamba.

Pima sehemu tatu: mzizini, katikati, nchani. Ncha ya unywele wa sentimita 25 ina umri wa zaidi ya miaka miwili, imeoshwa, imechanwa na kusukwa mara nyingi. Wengi mizizi imefunga na ncha zimefunguka. Ndiyo maana mafuta yale yale yanang'aa juu na kutofanya kitu chini.

Mvuto: chukua unywele uliodondoka ukiwa bado umelowa maji, uvute taratibu. Ulio mzima hunyumbuka hadi karibu theluthi ya urefu wake, kisha unarudi. Ukivutika sana, ukalegea na usirudi, umekosa protini. Ukikatika papo hapo bila kunyumbuka, umekosa unyevu au umepewa protini kupita kiasi. Hapa wengi hukosea: wanaona nywele zinakatika, wanaongeza mayai na maji ya mchele kila wiki, nywele zinakuwa ngumu na zinakatika zaidi. Protini ni mara moja kwa wiki 4 hadi 6, na baada yake lazima kondishena ya unyevu.

---

Maabara_Ndogo

Nitajibu hilo la maji ya kisima kwa sababu watu hulipuuza, na kwa Dar ni nusu ya tatizo.

Maji unayoyaita ya chumvi mara nyingi yana kalisi na magnesi nyingi. Vitu hivi vikikutana na sabuni ya mche au ya kipande, hutengeneza utando mweupe usioyeyuka. Ndio ule unaoganda kwenye beseni. Kwenye nywele unakaa hivyo hivyo: unafanya unywele uwe mkavu kwa kuguswa, usipokee kondishena, na unakwaruza unywele wa jirani unapochana. Juu ya hayo, sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5 na nusu hivi. Kwenye pH hiyo magamba yanafunguka. Kwa hiyo marufuku ya kwanza: sabuni ya kufulia au ya kuogea kichwani. Magadi na baking soda vilevile, ambavyo naona watu wanashauriana kama "kusafisha mizizi".

Fanya hivi. Osha na suuza kwa maji ya kisima kama kawaida ukitumia shampuu, kwa sababu shampuu haigandi na kalisi kama sabuni. Suuza ya mwisho iwe ya maji laini: ya mvua, au ya bomba yasiyo na chumvi, au ya kununua. Lita 2 zinatosha ukimwaga kwa jagi, fungu kwa fungu. Kwenye lita 1 weka vijiko viwili vya chakula vya siki, mwagia, acha dakika 2, suuza. Siki huondoa sehemu ya utando na kulaza magamba. Usitumie siki bila kuizimua, wala ndimu bila kuizimua, itaunguza ngozi.

Mara moja kwa mwezi tumia shampuu ya kuondoa madini. Utaijua kwa kusoma lebo: tafuta herufi EDTA (kemikali inayonasa madini) kati ya viungo vya juu, si mwishoni kabisa, kwa sababu nyingi zinayo kidogo tu kwa ajili ya kuhifadhi. Shampuu hiyo inakausha, usiizoee.

Mafuta. Hapa kuna ubishi mwingi usio na sababu. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na imenyooka, kwa hiyo huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yapake kabla ya kuosha, vijiko viwili vya chakula kwa kichwa kizima, kuanzia katikati hadi nchani, nusu saa au usiku kucha. Mafuta ya nyonyo hufanya kazi nyingine: ni mazito, yanakaa juu na kuzuia maji yasitoke. Hayo ni ya baada ya kuosha, matone machache nchani, juu ya unywele wenye unyevu. Vaselini nayo inaziba vizuri sana, ila kuitoa ni kazi.

Mafuta yenyewe si unyevu. Ukipaka kwenye unywele mkavu umefungia ukavu ndani. Maji kwanza, kisha kondishena ya kuacha kichwani, kisha mafuta.

Gliserini, ile inayovuta unyevu: kijiko 1 cha chai kwenye maji ya mililita 200, kwenye chupa ya kunyunyizia. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwingi, ukizidisha gliserini nywele zinavimba, zinanata na mtindo unafumuka kabla hujafika kazini. Dodoma wakati wa kiangazi ni kinyume: hewa kavu, gliserini nyingi inaweza kuvuta maji kutoka kwenye unywele wenyewe. Pale lazima mafuta yafuate juu yake.

---

Bibi_Nyonyo

Naomba kutofautiana kidogo. Mafuta ya nyonyo yanakuza nywele, hili linajulikana tangu zamani. Unapaka ngozi ya kichwa kila siku unakanda, na nywele za mbele zinarudi.

---

Maabara_Ndogo

@Bibi_Nyonyo, kukanda ngozi sina ugomvi nako. Na nywele zilizopakwa nyonyo hazikatiki sana, kwa hiyo urefu unaonekana. Lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mafuta hayo yanaamsha mzizi. Nina sababu ya kulisisitiza hili: mtu mwenye upara wa mbele unaotokana na kuvutwa akipaka nyonyo miezi sita huku akiendelea kusuka kwa kubana, mzizi unakufa, na ukishakufa haurudi kwa mafuta yoyote. Kama zimerudi, mara nyingi ni kwa sababu aliacha kusuka mbele katika muda huo.

---

Msusi_Mwanjelwa

Dada Tausi, hilo bonge la kiganja lisikutishe. Kichwa cha mtu mzima hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kwa wiki 6, yaani siku 42, ni nywele 2,100 hadi 4,200. Zote zilikuwa zimenaswa ndani ya rasta, zinatoka siku moja. Chunguza: unywele uliodondoka kwa kawaida una kidoa cheupe upande mmoja, na urefu wake ni wa nywele zako. Kipande kifupi kisicho na kidoa kimekatika. Tandika kitambaa cheusi na kingine cheupe, fumua juu yake, halafu tenganisha. Vipande vifupi vikiwa vingi kuliko vyenye kidoa, hapo ndipo penye kazi.

Na kwa maelezo yako, kazi iko kwenye kufumua na kwenye hizo siku mbili tatu za kupumzika. Watu wanazungumza sana bidhaa. Urefu mwingi unapotea siku ya kufumua, kwa haraka.

Kufumua kunataka jioni nzima. Kata rasta sentimita 3 chini ya mahali nywele zako zinapoishia, na uwe na uhakika zinaishia hapo, pima kwanza kwa kufumua moja. Fumua kwa vidole na mkia wa kitana. Ukifika shinani utakuta kiduara cha uchafu wa kijivu: vumbi, mafuta, na nywele zilizodondoka. Hapo usichane na usitie maji. Maji yakigusa, kipilipili kinajikunja na kuzikumbatia nywele zilizodondoka, panakuwa bonge moja, na kitakachofuata ni mkasi. Weka kondishena ya utelezi au mafuta ya nazi pale pale kwenye kiduara, subiri dakika 5, kipasue kwa vidole kwenda pembeni, toa zilizodondoka. Maliza msuko mmoja ndipo uende wa pili. Kisha gawa kichwa mafungu 8, chana kila fungu kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani kupanda juu, lifunge. Ndipo unaenda kuosha, na unaosha yakiwa bado yamefungwa mafungu.

Kwenye kuosha: shampuu sehemu 1 kwa maji sehemu 3, kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Ipeleke kwenye ngozi, sugua kwa ncha za vidole, si kucha. Povu linaloteremka linatosha kusafisha nywele. Kondishena iende kuanzia katikati hadi nchani, vaa mfuko wa plastiki dakika 20, suuza. Kausha kwa kubonyeza na fulana ya pamba. Taulo linakwangua.

Kisha pumzika wiki 2 walau, tatu ni bora. Najua swali: nitoke vipi? Suka uzi. Dada zetu wengi wameuacha wakidhani ni mtindo wa kijijini au wa watoto, na ni njia nzuri kuliko zote ya kunyoosha kipilipili bila moto. Fungu lenye unyevu kidogo, si maji ya kuchuruzika, limepakwa kondishena na mafuta, unalizungushia uzi kuanzia sentimita 1 juu ya ngozi hadi nchani, na ncha inafichwa ndani ya uzi. Mizunguko ikaribiane bila kukaza shinani. Siku ya pili au ya tatu ukifungua, nywele zimenyooka na hazina vifundo, unaweza kuzibana au kusuka twende kilioni ya mikono yako bila rasta. Draya ya mkono yenye kitana ingekupa mnyooko huo huo kwa dakika 20, ila kwa gharama ya ncha.

Siku ya kusuka rasta tena: fungu la nywele liwe na upana sawa na rasta inayobebwa. Rasta ndefu nene kwenye kifungu chembamba ndiyo inayong'oa. Ukiona kichwa kimoja kinataka pakiti 6 au 7, punguza urefu. Nywele zinazozunguka paji la uso na za karibu na masikio acha upana wa kidole nje, hazisukwi. Na mwambie msusi mapema, kabla hajashika kitana, kwamba usipoweza kupandisha nyusi bila maumivu atafumua. Kichwa kinachouma hadi unameza panadol ili ulale hakijasukwa vizuri. Rasta ikikuwasha, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kikombe kimoja kwa ndoo ndogo, nusu saa, suuza, anika, ndipo usukiwe.

Wiki 6 zikiisha fumua. Usiongeze hadi 8 kwa sababu bado zinapendeza. Shina lililokua sentimita 1 na nusu linabeba rasta nzima likining'inia, nalo linajipinda.

---

Tausi_Tabata

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Dada Msusi, hayo ya kupandisha nyusi nimeyaelewa sana. Kuna mambo mawili nimesahau. Nikisuka, siku ya pili hutokea vipele vidogo vyenye usaha mbele, vinaisha baada ya wiki. Na nina mba, ngozi inawasha na kutoa unga mweupe, napaka mafuta inatulia siku moja kisha inazidi. Mtoto wangu wa miaka 7 naye ana mviringo umetoka nywele, una magamba. Ni mba hiyo hiyo?

---

Mfamasia_Tanga

Dada, nianze na mtoto. Mba haifanyi mviringo wenye upara kwa mtoto wa umri huo. Kwa maelezo yako hayo yanafanana na mapunye, ni fangasi aliyeingia ndani ya unywele. Krimu ya kupaka peke yake haimfikii. Mtoto anahitaji vidonge, mara nyingi griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8, dozi kwa uzito wake, pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Mpeleke kituo cha afya waone. Usimkatishe dawa nywele zikianza kuota, maana hapo fangasi bado wapo. Kitana chake, kofia na mto viwe vyake peke yake, na kagua vichwa vya watoto wote wa nyumba. Kinyozi asiyesafisha mashine kwa dawa ya kuua vijidudu kati ya kichwa na kichwa ndiye anayevisambaza mtaa mzima. Mviringo ukivimba, ukawa laini na kutoa usaha, usisubiri hata siku moja, unaweza kuacha kovu lisiloota nywele.

Wewe: vipele vya usaha siku ya pili baada ya kusuka ni mizizi inayolalamika kwa kuvutwa. Ni hatua ya kwanza ya upara wa mbele. Katika hatua hii nywele zinarudi zote ukiacha kubana. Baada ya miaka ngozi inakuwa laini inayong'aa, matundu ya nywele hayaonekani, na hapo hakuna dawa ya duka inayorudisha. Kwa hiyo hivyo vipele si vya kuvumilia kwa wiki moja. Vikitokea, fumua msuko wa mbele siku hiyo hiyo.

Mba: husababishwa na hamira za ngozini, yaani aina ya fangasi, zinazoishi kwa mafuta. Ndiyo maana ukipaka mafuta inatulia, kisha inazidi, umewalisha. Mafuta ya nazi na ya zeituni yasiguse ngozi yako kwa sasa, yabaki kwenye urefu wa nywele. Nunua shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2. Gawa kichwa kwa mistari, iweke kwenye ngozi tu, acha dakika 5, suuza, kisha kondishena kwenye nywele. Mara mbili kwa wiki kwa wiki 4, halafu mara moja kwa wiki mbili kuzuia isirudi. Kosa kubwa ni kusuuza mara tu povu linapotoka, dawa haijapata muda. Ina maana katika wiki hizo 4 usisuke rasta, kwa sababu huwezi kuosha ngozi sawasawa. Ikishindikana kabisa, au ngozi ina magamba manene ya rangi ya fedha, muone daktari wa ngozi, inaweza kuwa ugonjwa mwingine. Walio kaskazini wana bahati ya kuwa na kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi. Kwingine anza na hospitali ya mkoa.

Niongeze kwa wanaosoma kimya kimya. Nywele zikipungua utosini na eneo likapanuka mwaka hadi mwaka, penye kuwasha au kuungua, msikae mkijaribu mafuta. Kuna upara wa makovu unaoanzia utosini, unawapata zaidi wanawake weusi, na unazuilika tu ukiwahiwa. Aliyejifungua akaona nywele zinadondoka kwa wingi kuanzia kama mwezi wa tatu, hiyo ni kawaida na hutulia kabla ya mwaka. Anayedondosha wakati wote na ana hedhi nzito apime damu na akiba ya madini ya chuma kabla ya kununua vidonge vya biotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele. Biotini humsaidia mwenye upungufu, na upungufu huo ni nadra. Tena inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya tezi na moyo, kwa hiyo anayeimeza amwambie mpimaji.

---

Lulu_Nyegezi

Na sisi wenye dawa ya kunyoosha kichwani? Zangu zinakatikia pale nywele mpya zinapokutana na za zamani.

---

Msusi_Mwanjelwa

Dada Lulu, hapo pa kukutana ndipo padhaifu siku zote. Dawa hukata viunganisho vya ndani ya unywele na havirudi. Kwa hiyo dawa iende kwenye nywele mpya tu, basi. Anayeivuta hadi nchani kila akirudia anapika unywele uliokwisha kuiva. Kabla ya kuanza, zilizonyooka zipake vaselini au kondishena nzito ili dawa isiteleze juu yake.

Rudia kila wiki 10 hadi 12. Ukirudia wiki ya 6, nywele mpya ni fupi mno, dawa lazima ipande juu ya za zamani. Siku 3 kabla usioshe kichwa, usikune, na usiweke dawa kichwa kilichofumuliwa jana. Saa iwekwe, muda ni ule wa kwenye kopo kwa aina ya nywele zako. Kuungua si dalili kwamba dawa imekolea, ni kwamba imefika kwenye ngozi. Ikichoma, inatoka. Kisha shampuu ya kuzima dawa, ile inayobadili rangi ya povu: rudia hadi povu liwe jeupe mara mbili mfululizo, pamoja na nyuma ya masikio na kisogoni. Wengi hukatikia kisogoni kwa sababu pale husuuzwa haraka haraka, mteja ameinamia sinki na shingo inauma.

Zile za boksi za kuchanganya vitu viwili huacha kalisi kwenye unywele. Ukiongeza na maji ya kisima, ukavu ni mara mbili, kwa hiyo yale ya EDTA ya @Maabara_Ndogo yanakuhusu hata zaidi.

---

Mfamasia_Tanga

Na si nywele tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kikubwa kuliko wasiotumia. Haujathibitisha kwamba dawa ndiyo sababu, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Lakini ni sababu nyingine ya kutanua wiki kati ya dawa na dawa, na ya kutomwekea mtoto kabisa.

---

Tausi_Tabata

Nimepima. Mizizi maji yanakaa juu, ncha zinanyonya papo hapo. Unywele siuhisi kwenye vidole. Ukivutwa unakatika bila kunyumbuka. Nianzie wapi, na nikate?

---

Kitana_Kipana

Kata. Nywele nyembamba zenye ncha zilizofunguka na vifundo vidogo vya unywele mmoja haziponi, na kila kifundo kinamkamata jirani yake. Toa sentimita 2 hadi 3 sasa, kisha sentimita 1 kila miezi 4. Gawa mafungu 12, sokota kila fungu likiwa limenyooshwa kwa uzi, kata pale unapoona wembamba unaanza. Mkasi uwe wa nywele na usikate kitu kingine, mkasi butu huchana ncha upya.

Kwa miezi 3 sahau mayai na mchele. Kwa mizizi iliyofunga, kondishena yako ipashwe kwa mfuko wa plastiki na kitambaa cha moto juu, vinginevyo haiingii. Kwa ncha, kondishena ya kuacha kichwani iliyo nyepesi, kisha matone 3 au 4 ya nyonyo kwa fungu zima la ncha, si zaidi, kwa sababu unywele wako mwembamba utalala. Siagi ya shea haikufai. Osha kila siku 7 hadi 10 ukimaliza zile wiki 4 za mba. Usiku kitambaa cha satini, au foronya ya satini kama kitambaa kinakutoka. Pasi ya nywele usiiguse kwa muda huu. Siku utakayoigusa, nywele ziwe kavu kabisa, nyuzi joto 150 za Selsiasi na si zaidi, pitisha mara moja.

Kabla hujaanza chukua rula, vuta unywele mmoja wa mbele, wa utosini, wa pembeni na wa kisogoni, andika urefu wa kila mmoja na tarehe. Pima tena baada ya miezi 3. Sehemu iliyoongezeka sentimita 2 au zaidi inakwenda vizuri, usibadilishe kitu. Sehemu ambayo haikuongezeka, angalia inaguswa na nini: mto, mkanda wa mkoba, kola ya koti, au mkono wa msusi. Ukileta vipimo hivyo vinne hapa tutajua pa kurekebisha.